Mwalimu na Sauti Zisizo na Majina

Hapa Ishiara ukisema Mwalimu, hakuna atakayekuuliza mwalimu yupi. Walimu wako wengi, lakini jina hilo likikaa peke yake ni la mwanamke mmoja tu, na mimi namjua kuliko wengi. Alinifundisha hadi darasa la tano. Hapo nikaacha shule nikaenda kubeba magunia ya ndengu, na sijuti, maanake leo magunia hayo yanapanda lori langu mwenyewe, na duka langu la mbegu na dawa za mifugo ndilo lilikuwa la kwanza sokoni kuwekwa vigae. Nasema hivyo ili ujue anayekuandikia si mtu wa kutishwa na kila kitu. Yule mwanamke alinitisha nikiwa mtoto, na bado ananitisha.

Wacha nianze na uso wake. Darasani ukiandika jibu ubaoni, unageuka umtazame uone kama umepata au umekosa. Huoni kitu. Uso umetulia kama mlango uliofungwa. Watoto walikuwa wanafuta jibu walilolipata, wanaandika lingine la makosa, kwa sababu ya kuuogopa ule uso. Halafu anauliza, polepole, "Mbona umefuta?" Na usifikiri swali hilo lilikusaidia, kwa sababu aliuliza hivyo hivyo hata kama ulichofuta kilikuwa takataka. Mimi nimekaa mbele ya mameneja wa benki, nimekaa mbele ya machifu, nimebishana na wanunuzi wa soko la Gakoromone kule Meru, watu wanaoweza kukuuzia gunia lako mwenyewe. Wote hao nasoma nyuso zao kabla hawajafungua mdomo. Wake sijawahi kuusoma.

Jambo la pili ni kwamba si wa hapa. Alikuja kuolewa kutoka Ruiri, kule juu Meru penye baridi, na mpaka leo akiongea Kimbeere, lugha yetu ya hapa, unasikia Kimeru kikipita chini yake kama maji chini ya daraja. Mume alikufa zamani. Hana ukoo hapa, hana mpaka wa shamba anaougombania na mtu, hana mtoto wa kiume wa kuozwa kwa fulani. Kwa sababu hiyo wazee walimwamini. Mzee akiona siku zake zimekaribia, alikuwa anamwita Mwalimu.

Nieleze vizuri, maanake vijana wa siku hizi wanacheka mpaka wapatikane na jambo. Maneno ya mzazi anayekufa kwetu hapa tunayaita kirumi. Akisema shamba hili ni la huyu na lile ni la yule, amemaliza. Atakayevunja hapigwi na mtu, hashitakiwi. Anaanza tu kupungukiwa. Ng'ombe, kisha watoto, kisha yeye. Zamani wazee wenzake ndio walikuwa wanayashika maneno hayo kichwani. Sasa wazee wanakufa pamoja na vichwa vyao, ndipo Mwalimu akaanza kwenda na kirekodi kidogo kilichofungwa kwa leso.

Alikuwa na namna yake. Anaingia amevaa raba zake nyeupe, kila mara nyeupe, sijui alizipitishaje katika vumbi la Ishiara. Anaamuru redio izimwe, kuku watolewe, simu zibaki nje juu ya kiti. Halafu anamwambia mzee aulize kwanza kama watoto wote wamekuja, na watoto wajibu kwa sauti, ili kesho mtu asiseme hakuwepo. Baada ya hapo haongei tena. Akimaliza anaondoka bila kunywa chai. Siku hiyo hauzi mayai yake, hasalimii mtu njiani. Nyumbani anaiingiza ile sauti kwenye kompyuta, kwenye diski ya pili aliyoiita ghala, anaandika jina la mzee, anaifuta kwenye kirekodi. Basi. Sauti iko mahali pamoja tu duniani.

Nakala hakutoa. Hapa ndipo mtu aliyesoma vitabu atashika kichwa, lakini kila mtu hapa alimwelewa. Mzee anatamka kirumi mara moja. Ukikitoa nakala umemfanya akitamke mara mbili, na hujui hiyo ya pili itamwangukia nani. Hata kuisikiliza haikuwa mchezo. Ilifunguliwa mara moja, siku ya ugomvi, mbele ya familia yake tu.

Na huyo huyo Mwalimu ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kanisani, anasimama pale mbele anasema damu ya Yesu imevunja kila laana ya ukoo. Siku moja nilimshika hapo hapo mlangoni mwa kanisa, mimi sinyamazi.

"Mwalimu, kama imevunjwa, si utoe nakala?"

"Yesu ndiye anavunja," akasema. "Mimi si Yesu."

Akafungua mwavuli akaenda zake.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kusoma. Hakubonyeza kitu kabla ya kusoma. Mfuko wa dawa, tangazo la chifu, ujumbe kwenye skrini, vyote alivisoma mpaka nukta ya mwisho huku kidole kikitembea. Ukiwa na haraka anakuuliza, "Umesoma iliyoandikwa?" Mimi nilikuwa namwambia nimejenga maisha bila kusoma iliyoandikwa. Alijibu, "Unaongea kama mtu anayeuza kitu," na kweli nilikuwa nauza kitu, huwa nauza kitu kila siku.

Sasa sikia mtu kama huyo alivyopatikana.

Baba yetu alimwita Mwalimu mwisho wa ugonjwa wake. Tuko wawili, mimi na ndugu yangu mkubwa. Kuna shamba la juu lenye mawe, na kuna kipande cha mtoni ambacho ukiweka pampu unavuna nyanya hata kiangazi. Baba alisema. Mimi nilisikia akinipa mtoni. Ndugu yangu naye alisikia akipewa yeye mtoni. Hatukugombana mara moja, maanake mama alikuwa hai na alilima yeye. Mama alipofariki, ndugu yangu akaanza kuchimba mashimo ya vigingi vya ua. Mimi nikapeleka pampu. Wazee wa ukoo wakatuita, wakasema ni rahisi, Mwalimu afungue sauti ya baba yenu. Na isipopatikana, akasema mzee mmoja akitazama chini, mtakula kiapo cha mbuzi.

Kile kiapo si maneno tu. Mbuzi anashikwa, mnavunja mifupa yake kwa jiwe huku mnasema, mkisema uongo mvunjwe hivyo. Ng'ambo ya mto kuna boma la watu walioapa nikiwa kijana. Ukipita leo nyumba zimesimama, milango ipo, jiko lipo. Watu ndio hakuna. Mbuzi wa jirani wanalala ndani.

Nilienda kwa Mwalimu kwa pikapu, nimevaa koti, nikijua nimeshinda. Nikamkuta amekaa mbele ya kompyuta na mikono imelala mapajani. Alikuwa ameiwekea kompyuta mfumo mpya. Ile mashine ilikuwa imemsumbua kwa miezi, ikimwonya kwamba mfumo wa zamani hautalindwa tena, wezi wataingia. Akasoma yote, akaona ni kweli, akakubali. Kuonya ilimwonya vizuri. Ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba ghala halitaonekana.

"Halipo?" nikauliza.

"Lipo. Lisikilize."

Nikainamisha sikio. Ndani ya lile sanduku kulikuwa na kitu kinagonga. Tik. Kimya. Tik. Kama mtu anayebisha kwa ukucha na hataki kusikika na jirani.

Alizima, akafungua kava, akachomoa waya na kuurudisha. Akawasha. Safari hii diski ikaonekana, lakini haina jina, na ujumbe ukatokea kwa Kizungu. Akausoma na kidole, kisha akanitafsiria. Mashine inasema lazima diski hii ifomatiwe kabla ya kutumika.

"Basi bonyeza," nikasema.

"Umesoma iliyoandikwa? Kufomati ni kufagia. Inaniomba ruhusa niwafagie wazee wote."

Akabonyeza hapana. Ujumbe ukarudi. Akabonyeza hapana tena. Unajua nimeshaona majambazi barabarani, nimeshapinduka na lori, lakini ile mashine iliyokuwa inauliza jambo lile lile kwa adabu ndiyo ilinifanya nivue koti.

Nikampeleka Meru kwa pikapu yangu, diski ameifunga kwa ile leso, ameishika kifuani njia yote. Fundi ninayemwamini yuko ghorofani, dirisha lake linatazama soko la Gakoromone, kabichi na ndizi zinanuka mpaka ndani. Ni kijana wa maneno mengi. Akaiunganisha, akasikiliza, akaacha mzaha, akamwita Mwalimu shosho, yaani nyanya.

"Shosho, hii diski ilikuwa mgonjwa kabla. Mfumo mpya umeikagua tu ndio ikaanguka. Ningekuwa wewe, kwanza tunatoa nakala ya kila kitu kwa diski ingine. Nzima nzima, hata pale palipooza. Halafu tunatengeneza ile nakala, hii tunaiacha ipumzike."

"Nakala hapana."

"Shosho, bila bakapu mimi nikianza kurekebisha, ikikataa hakuna kurudi nyuma."

"Nimesikia. Nakala hapana."

Fundi akanitazama mimi. "Mzee, ongea na yeye. Ni nini iko huku ndani, ni pesa?"

"Ni watu," nikasema.

Akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Chini sokoni akina mama walikuwa wanapiga kelele za bei. Mwalimu akasema, "Rekebisha hiyo hiyo. Na ukipata sauti, usifungue hata moja. Ukifungua, ni shauri yako na watoto wako." Alisema kwa sauti ya darasani. Yule kijana akatoa vipaza sauti kwenye meza akavisukuma mbali kwa mguu.

Ilichukua mchana wote. Alipomaliza, ghala lilifunguka, na sauti zilikuwa zimejaa. Nikapiga makofi, nikidhani nimeshinda mara ya pili. Lakini fundi alikuwa anajikuna shingo. Majina yalikuwa yameliwa. Kurekebisha kulikuwa kumezikusanya sauti kama mtu anayeokota viazi gizani, kila moja ikapewa nambari tu. Nyingine ndefu, nyingine zimekatika. Hakuna aliyejua mzee yupi ni yupi.

"Lazima msikilize moja moja," fundi akasema. "Hakuna njia ingine."

Tukaanza safari ya kurudi, tukapita mji wa Chuka. Hapo ndipo Mwalimu akasema, akitazama mbele, "Nimewafanya wote kuwa mmoja."

Habari zilifika kabla yetu, sijui zilipitia wapi. Ili nipate baba yangu, lazima mtu afungue baba za watu. Na kirumi cha baba ya mwingine ukikisikia, umeketi katika kitanda kisicho chako. Hakuna familia iliyokubali mtu wa familia nyingine asikilize. Watu wakaanza kupita mbali na lango lake. Ukaja mwaka mbaya kidogo, mvua ikachelewa, ngamia wa wafugaji wakaingia mashambani, mtoto wa mtu akaanguka kisimani, mambo ambayo hutokea kila mwaka, lakini mwaka huo kila moja lilikuwa na mwenyewe. Pale sokoni niliwasikia wanawake wakinong'ona kwamba wazee wamepotezewa majina na wanatembea wakitafuta milango yao. Mimi niliwanyamazisha. Niliwaambia ni hitilafu ya diski tu, nilikuwepo, niliona kwa macho. Halafu nilifunga duka mapema na nikaangalia komeo.

Wazee nao walikuwa wamenunua mbuzi. Beberu mweusi, akafungwa kwa mkubwa wao, ananenepeshwa. Kila nikipita ananitazama.

Wakati huo Mwalimu akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu, na tulijua tu kwa sababu aliacha kuja kanisani. Alijifungia akazisikiliza zote, yeye mwenyewe, peke yake. Hoja yake alinieleza baadaye. Yeye alikuwepo siku ya kila mzee, kwa hivyo hakuna sauti humo isiyokuwa imemfikia tayari. Kama kuna kitu kinachomwangukia anayesikia mara ya pili, kianguke kwa mtu ambaye hana ukoo hapa wa kumalizwa. Akawatambua mmoja mmoja, kwa kikohozi, kwa namna ya kumwita mke. Akawarudishia majina. Familia zikaitwa, kila moja ikaona jina la mzee wake limekaa mahali pake, wakaomba Mungu, wakaenda. Mayai yake hawakununua tena lakini.

Aliniita mimi mwisho. Ilikuwa mchana wa jua kali, wiki ya kile kiapo. Mlango ulikuwa wazi. Raba zake zilikuwa pale kizingitini na sikuzitambua, zilikuwa na rangi ya udongo. Ndani nikaona mwanamke amekonda mpaka kitambaa cha kichwa kimekuwa kikubwa. Anakohoa, kisha anangoja kama anayesikiliza kikohozi kinaenda wapi.

"Umemwita ndugu yangu?" nikauliza.

"Anakuja. Wewe kaa. Baba yako nimempata, lakini amekatika."

Akafungua. Kuku alilia mbali, kiti kikalia. Halafu baba. Sikuwa nimejiandaa. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nikashika ukingo wa meza. Baba akakohoa, akauliza, "Mmekuja wote?"

Na sauti mbili zikajibu pamoja, "Tumekuja, baba."

Baba akavuta pumzi. Akasema, "Lile la mtoni..." na hapo kukaingia sauti kama mchanga unaomwagwa juu ya mabati, ikaendelea, ikaendelea, kisha ikanyamaza.

"Ndiyo hiyo tu," Mwalimu akasema. "Mahali palipobaki pameliwa na diski."

Kivuli kikaingia mlangoni. Ndugu yangu alikuwa amesimama pale, amevua kofia. Sijui alifika saa ngapi. Nilijua tu amesikia.

"Rudia," akasema.

Mwalimu akarudia. Tumekuja, baba. Tulisikiliza tukiinamisha vichwa, na nikuambie ukweli, sikuweza kujua ile sauti nyembamba kati ya zile mbili ni yangu au ni yake.

Ndugu yangu akaketi. "Basi ni mbuzi," akasema, bila ukali, kama mtu anayetaja siku ya soko.

Hapo Mwalimu akafunga kitambaa chake kichwani vizuri. "Si lazima muape ninyi. Mimi nilikuwepo. Kila neno nalikumbuka. Maneno yangu nyumbani hapa hayatoshi, mmoja wenu atasema mwanamke wa Ruiri amenunuliwa. Lakini nikisimama mbele ya mbuzi nikashika jiwe, wazee watakubali. Niombeni tu, nitaenda."

Alisema akiangalia katikati yetu. Akakohoa. Akangoja.

Ndugu yangu akanitazama. Alikuwa ananiachia mimi, maanake mimi ndiye wa maneno. Na mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuomba nipewe. Sijawahi kutoa kitu changu bure, hata mwenye duka jirani atakuambia. Neno moja tu lilihitajika, na yule mwanamke angeinuka na mifupa yake ile akaenda kusimama kwenye jua mbele ya beberu. Nikaziangalia zile raba pale mlangoni.

"Kaa tu, Mwalimu," nikasema. Kisha nikamwambia ndugu yangu, "Chukua ya mtoni. Kesho nitatoa pampu. Wazee wamchinje yule mbuzi wamle tu."

Ndugu yangu hakusema asante. Aliweka kofia kichwani, akatoka akienda polepole kama mtu aliyebebeshwa kitu.

Nikamgeukia Mwalimu, upesi, kama pale ubaoni, nimshike kabla hajaufunga uso. Yeye peke yake duniani ndiye anajua kama nimempa ndugu yangu kilicho changu, na baba amesikia neno lake likivunjwa, au nimemrudishia kilicho chake. Alikuwa ameshanipa mgongo. Anazima kompyuta. Kidole kilikuwa kinatembea juu ya skrini, anasoma iliyoandikwa, mstari kwa mstari, na ndani ya lile sanduku bado kulikuwa na kitu kinagonga.

"Mbona umefuta?" akauliza, bila kugeuka.